Maneno ya Jikoni kwa Mama Balozi

Mado, binti wa Mama Apolina, alinitumia ujumbe wa sauti Jumanne asubuhi, nikiwa bado natafuta kiatu cha pili chini ya kitanda. Sikuhitaji kuusikiliza mpaka mwisho. Mtu akianza na "Dada Sifa, kaa kwanza," wewe unajua tu. Nikakaa. Nikalia na kiatu kimoja mguuni, na watoto wa shule yangu hapa Nundu wakamsubiri siku hiyo mkuu wao wa shule, yuleyule anayewafokea kila siku kwa kuchelewa. Kesho yake Mado akapiga simu. Mazishi ni Jumamosi kule Baraka, wakubwa wanatoka Bukavu na wengine Kinshasa, na familia imekaa ikaamua kwamba mimi ndiye niandike maisha ya marehemu, kurasa mbili, zisomwe kanisani. "We njo ulikuwa karani yake," akasema. "Bantu beko banatuma vyeo vyake mu groupe ya simu. Weka yote, usisahau ata moja." Nikaahidi. Jioni nikawasha taa, nikaviandika: mwanamke wa kwanza wa upande huu wa ziwa kupelekwa ng'ambo na barua ya mkuu wa nchi, balozi katika nchi tatu, nishani mbili. Vikaingia nusu ukurasa. Halafu kalamu ikagoma, kwa sababu Mama Apolina ninayemjua mimi hayumo kabisa katika nusu ukurasa ule. Ninayemjua mimi ni mwanamke aliyenifanya nitembee kilomita nne juani kwenda kusema kosa langu kwa watu niliowaumiza. Lakini hayo unayasomaje mbele ya gavana?

Nilikuwa na miaka ishirini, diploma ya sekondari mkononi, kazi hakuna. Simu zilikuwa hazijafika Baraka. Mama Apolina alikuwa amestaafu na kurudi nyumbani, na macho yake yalikuwa yanazimika polepole. Aliona mwanga, aliona kwamba mtu amesimama mlangoni, lakini herufi hakuziona tena. Alitafuta msichana wa kumsomea barua na kumpigia mashine ya kuandika. Nilikwenda kwake nimevaa sketi ya kuazima, nimekariri Kifaransa cha adabu njia nzima. Akaniuliza swali moja tu: "Unajua kupika sombe?" Jamani, niliona aibu kwa niaba yake. Balozi mzima ananiuliza majani ya muhogo! Nikamjibu kwa kiburi kwamba mimi nimesoma, nimekuja kutafuta kazi ya karani. Akacheka mpaka akashika kifua. "Karani mwenye hajui kupika atanisaidia nini hapa? Kuya kesho."

Ile nyumba ningeweza kuitembea hata leo nimefumba macho. Sakafu ya saruji nyekundu, iliyosuguliwa nta mpaka wageni walivua viatu bila kuambiwa. Viti vinne vya mikono vyenye vitambaa vyeupe vya kufuma. Ukutani, picha moja tu, imekaa upande kidogo: yeye katika kikwembe na kilemba, anamkabidhi bahasha mzee mmoja mwenye mvi, na nyuma yao wanaume kumi na zaidi wenye suti nyeusi. Wageni walisimama mbele ya picha ile wakatikisa vichwa. Yeye alisema tu, "Ile siku viatu bilinifinya, nilitaka kulia." Kiti chake kilikuwa karibu na dirisha la nyuma, linalotazama uani, jikoni. Mwanzoni nilidhani anapenda upepo. Jiko lenyewe lilikuwa la matofali ya udongo, mafiga matatu na mbabula moja, jiko dogo la makaa, na moshi wake uliingia saloni kwa wageni bila kubisha hodi. Asubuhi nilimsomea barua, adhuhuri nilitwanga sombe, alasiri nilipiga mashine, na usiseme nilijua saa gani nilikuwa karani na saa gani nilikuwa mpishi. Nililalamika. Nililalamika sana, nilikuwa na mdomo. Leo nikiwaona wasichana wangu wa shule wananyoosha shingo kwa ajili ya cheti, nawapenda na nataka kuwapiga kibao kwa wakati mmoja.

Alikuwa na hadithi moja ambayo wageni waliiomba kila mara, na mimi niliisikia toka jikoni mara nyingi kuliko Baba Yetu. Katika nchi mojawapo, jina lake hakulitaja kamwe, kulikuwa na karamu ya mabalozi. Meza kubwa ya mabalozi ikawekwa ukumbi wa mbele, na wake zao wakaandaliwa chumba cha pili. Watu wa itifaki walipoona jina la mwanamke, wakampeleka kwa wake. "Nilikasirika," alisema, "nilikasirika mpaka supu ikaisha. Halafu nikaanza kusikia. Bale bamama balikuwa banajua yote! Nani anahamishwa, nani anagonjwa, nani amegombana na waziri wake. Mabwana zao kule mbele balikuwa banaongea juu ya mvua." Wageni walicheka wakapiga mapaja. Nami, huku naondoa mawe kwenye maharagi, nikachukua somo langu: habari zinapatikana wanapokaa wanawake, na anayezishika ndiye mwenye nguvu. Nililichukua upande mmoja tu.

Kiangazi cha mwaka ule ndipo alipokuja Daforoza. Alikuwa mama wa Kirundi, mfupi, sauti kubwa, mjane, kiongozi wa kikundi cha kina mama waliokimbia kwao na kupewa mahali pa kulima na mjomba wangu Wilondja, kaka wa mama yangu, kwenye njia ya kwenda Fizi, kando ya mto. Hapakuwa na karatasi. Walishikana mikono, na kila msimu mjomba alipelekewa kikapu cha kwanza cha mavuno, basi. Sasa wale mama walikuwa na muhogo ardhini, muhogo ambao ungekomaa karibu na Noeli, ndicho chakula cha watoto wao cha mwaka mzima, na mjomba alikuwa ametuma neno: nataka shamba langu, mung'oe. Kung'oa muhogo mbichi ni kutupa mwaka. Daforoza alifika asubuhi na miguu yenye vumbi, akakataa kiti, akasimama katikati ya saloni. "Banasema we ulikuwa unaongea na marais," alimwambia Mama Apolina. "Basi, ongea na Papa Wilondja."

Mama akacheka. "Marais balikuwa bepesi, mama yangu. Papa Wilondja njo iko nguvu. Lakini nitamwita."

Namna yake ya kusuluhisha ilikuwa na masharti mawili, na hakuna mtu aliyeyakwepa, hata padri. La kwanza, hakuna neno la ugomvi kabla ya chakula, na mwenye kuleta shitaka anakuja kukipika kile chakula palepale, jikoni kwake. La pili lilikuwa gumu zaidi. Hakukuruhusu useme uchungu wako. Ulipaswa useme uchungu wa mwenzako, mbele yake, mpaka yeye mwenyewe atikise kichwa na kusema "ni vile." Asipokubali, unaanza upya. Niliwaona wanaume wazima wakitokwa jasho kwa sharti hilo. Mama alisema ng'ambo hakuweza kulitumia wazi, angechekwa, lakini kila mara aliingia mkutanoni akiwa amelifanya kichwani, na kwamba asilimia kubwa ya ugomvi wa mataifa ni watu wawili wanaongea kwa zamu bila mmoja kusikia. Sijui kama ni kweli. Najua kwamba kule Baraka ilikuwa kweli.

Siku ya kikao cha kwanza, Daforoza na wenzake wawili walifika mapema na migebuka mibichi ndani ya beseni. Nilitwanga sombe, wao wakaparua samaki, mawese yakachemka, na jiko likajaa kicheko mpaka nikasahau wamekuja kwa shida. Walinitania kwamba natwanga kama mtu anayeandika barua. Halafu mmoja wao akapunguza sauti: "Na akikataa kabisa?"

"Yoo, mi nimechoka," Daforoza akasema, akaketi juu ya kigoda. "Akituachia ata mpaka mvua ya kwanza, nitashukuru. Tutang'oa mabichi, tutakausha, batoto batakula ile itapatikana. Lakini kule mbele sitasema vile. Kule nitasema Noeli, na nitakaza!" Wakacheka tena, kicheko cha kujipa moyo. Kisha akanitazama. "Sifa, umesikia? We uko muntu wa jikoni, hein?"

"Niko wa jikoni," nikajibu, na nilimaanisha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilimaanisha.

Mjomba alikula vizuri, sahani mbili, akasifu samaki. Lakini ilipofika zamu ya kusema, akagoma. "Mama Balozi, nakuheshimu sana. Ila mi siwezi kutia maneno ya bantu bengine mu kinywa yangu. Bo beko na kinywa yabo." Daforoza alijaribu upande wake: "Papa, unaogopa tutakunyang'anya shamba." Mjomba akatazama dari. "Haiko ile tu," akasema, na hakuongeza. Mama Apolina akawaambia warudi baada ya juma moja, chakula kingekuwapo. Mimi nikatumwa kumsindikiza mjomba mpaka barabarani, kama inavyompasa mtoto wa dada yake.

Njiani alikuwa mpole, jambo la nadra. Alipangusa kofia yake. "Unajua, Sifa, mutoto yangu iko kule Misisi mu mashimo ya dhahabu. Kila mara nasikia shimo imeanguka, sili. Namwambia rudi, ananiuliza, nirudi ku nini? Nikimupa kiwanja ajenge, atarudi." Akapumua. "Lakini bale bamama nabo, Mungu anaona. Pengine nitabaachia mpaka Noeli. Unasemaje, we mwenye kukaa na Balozi? We siku hizi unajua mambo ya bakubwa."

Kichwa kikanivimba. Mjomba Wilondja, aliyekuwa ananituma maji hata mbele ya wachumba, ananiuliza mimi! Nilitaka anione mtu. Nilitaka pia asiumie, kwa sababu sauti yake ilikuwa imetetemeka aliposema Misisi. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Mujomba, usihangaike na Noeli. Bo benyewe balisema jikoni, ata mpaka mvua ya kwanza tu batashukuru."

Akasimama. "Balisema vile?" Akavaa kofia, akaenda zake, na hatua zake zilikuwa nyepesi. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha ya mtu aliyefanya kazi muhimu. Hata wimbo niliuimba.

Juma lililofuata walipika kuku. Nakumbuka kwa sababu kuku wa mkimbizi si jambo la mchezo; Daforoza alikuwa ametoa alichokuwa nacho. Tulikula, tukanawa, na kabla Mama hajafungua kikao mjomba akakohoa, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda: "Mi niko na moyo muzuri. Nabaachia mpaka mvua ya kwanza. Ata siku moja zaidi, apana." Nilimwona Daforoza. Hakupiga kelele yule mama wa kelele. Alitazama viganja vyake, akavigeuza juu na chini, na midomo ikaanza kufanya neno la kushukuru, kwa sababu ndilo aliloahidi, na Mungu ni kama alikuwa amelisikia na kumpimia hilohilo, bila hata kijiko cha nyongeza. Wenzake wakainamisha vichwa. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya, na nilitamani sakafu ile nyekundu ifunguke inimeze. Mama Apolina akainua mkono. "Leo tumekula vizuri," akasema taratibu. "Tusiharibu. Hakuna mwenye kukubali kitu leo. Mutarudi Jumamosi." Wakaondoka.

Nilianza kukusanya sahani kwa haraka. "Acha sahani, Sifa," akasema. "Kaa." Nikakaa kwenye ukingo wa kiti cha mgeni. Makaa yalikuwa yanapasuka uani. "Mvua ya kwanza," akasema. "Daforoza alisema ile maneno mu jiko, siku ya samaki. Mi pia nilisikia. Macho yangu njo inagonjwa, masikio apana."

Nikajitetea, bila shaka nikajitetea. Nilikuwa nimesoma, nilijua kujenga hoja. Nikamwambia ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu, ningemfichaje? Nikamwambia aliniuliza. Na mwisho, kwa machozi na hasira pamoja, nikamtupia hadithi yake mwenyewe: "Na wewe, Mama? We ulikaa na bale bibi za mabalozi, ukasikia siri zao zote! Unajisifu nayo kila siku mbele ya bageni!"

Nilitegemea kibao. Alitikisa kichwa polepole. "Nilisikia, ndiyo. Nilisikia kama bwana wa mumoja anagonjwa, basi kesho yake sikumusukuma sana mu mkutano. Nilisikia kama mwingine anaogopa kufukuzwa kazi, basi nikamutafutia neno ya kupeleka kwabo ili asichekwe. Ile nilisikia ilinisaidia kuwa mupole nabo. Sikuibeba siku moja kuipeleka kwa adui wabo." Akapapasa, akaupata mkono wangu. "Kosa ni yangu pia. Nilikuelezea ile hadithi juu ya kuchekesha, sikuimaliza."

Nikamwomba anifukuze. Kweli nilimwomba. Ningerudi kwetu, ningelia wiki mbili, ingekwisha. "Nikikufukuza," akasema, "utapoteza kazi, na bo batapoteza muhogo. Nani atapata faida? Kesho utaenda ku shamba kumwambia Daforoza. Halafu utapita kwa mujomba wako umwambie ya kwamba Daforoza sasa anajua. We mwenyewe, na kinywa yako." Nilimsihi anisindikize. "Macho yangu haione njia," akajibu, na mimi nilijua anaijua njia ile kwa miguu tangu utoto wake.

Nimekuwa mbele ya wakaguzi wa shule, nimekuwa mbele ya watu wenye bunduki, nimezika mume. Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Wale mama walikuwa wanapalilia; waliponiona wakapunga mikono, mmoja akaniita kwa utani, karani wa sombe. Nikasimama kwenye ukingo wa shamba nikasema yote kwa mkupuo, bila salamu, bila koma. Yule aliyeniita kwa utani akatema mate chini. Mwingine akasema kwa Kirundi neno ambalo sitaliandika, nilistahili. Daforoza aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari, akafika, akaegemea jembe.

"Kumbe ilikuwa wewe," akasema. "Unajua, tangu ile siku silali? Nilisema, Mungu alisikia nikisema nimechoka, akasema, sawa, chukua kidogo yako unyamaze. Nilifikiri Mungu ametuhesabia vile." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Kumbe haiko Mungu. Iko muntu. Muntu tunaweza kuongea naye."

Nikalia kwa kwikwi. Akaniacha nilie. Kisha akanisogelea, na macho yake yakawa makali: "Na yeye? Mujomba wako alikuambia nini njiani? Siku ile alisema haiko ile tu. Iko nini?" Nami nilikuwa nalo neno, lilikuwa mdomoni. Misisi, mtoto, shimo. Ningelisema tungekuwa sawasawa, kila upande na siri ya mwenzake, na angenisamehe palepale, nilimwona usoni. "Mama Daforoza," nikasema, "ile siwezi. Umuulize yeye." Akanipa jembe la akiba, akanionyesha mstari. Nilipalilia mpaka viganja vikatoa malengelenge, na hakuna aliyenisemesha, na hakuna aliyenifukuza.

Kwa mjomba ilikuwa mbaya zaidi, maana yeye alinipenda. "We mutoto wa dada yangu," aliniambia mlangoni, bila kunikaribisha ndani, "unanivua nguo mbele ya bageni?" Hakunisemesha tena mpaka mwaka ukaisha. Lakini Jumamosi alikuja. Nafikiri alikuja kwa sababu ya aibu. Aibu nayo ina kazi yake. Hakugusa chakula, akamega bugali mara mbili tu kwa ajili ya sharti. Safari hii Daforoza hakuwa yule aliyetazama viganja. Alikaa wima, akamgeukia. "Papa Wilondja, bote tunajua sasa maneno ya jikoni ilitoka namna gani. Sasa siogopi. Siku ya kwanza nilisema unaogopa tutanyang'anya shamba, ukasema haiko ile tu. Iko nini ingine? Niambie, mi niseme uchungu yako vizuri."

Mjomba akavua kofia. Akaieleza Misisi, kwa sauti ya chini, akitazama kofia. Alipomaliza, Daforoza akafumba macho akairudisha yote, neno kwa neno, na akaongeza moja ambalo hakuambiwa: "Na unaogopa hatarudi ata ukimupa kiwanja. Na utakuwa umetufukuza bure." Mjomba akafunika uso kwa kofia. "Ni vile," akasema humo ndani. "Ni vile, mama." Kisha ikawa zamu yake, na yule mtu aliyeapa hawezi kutia maneno ya wengine kinywani, akayatia. Akasema wanaogopa kiangazi kingine na watoto wanaolia njaa. Akasema wanaogopa kupenda ardhi yoyote, kwa sababu kila wanapopanda mtu anakuja kuwaambia ondoka. Alijikwaa, akaanza upya, mara tatu. "Ego," Daforoza akasema mwishowe kwa lugha yake, na machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyajali. "Ni vile."

Baada ya hapo kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Muhogo ukaachwa ukomae mpaka baada ya Noeli. Sehemu ya barabarani, ambako maharagi yalikuwa yamekwisha kuvunwa, akapewa kijana wa mjomba aanze kufyatua matofali mara moja, na wale mama wakasema wenyewe watambebea maji toka mtoni. Kijana alirudi. Muhogo ulikomaa. Halafu miaka ilikuja mingine, mibaya, vita ikatutawanya wote kama mnavyojua, na Daforoza sikumwona tena. Nimemuuliza kila Mrundi aliyepita Nundu. Pale shambani siku hizi kuna nyumba za mabati na kituo cha pikipiki, na vijana wanaosubiri abiria hawajui kwamba waliosimama pale zamani walikuwa kina mama na mihogo.

Jumatatu baada ya kikao kile, Mama Apolina aliniita kwenye mashine. Alikuwa na desturi ya kuandika taarifa ya kila suluhu, nakala moja kwa kila upande na moja ya kwake, kama alivyofanya ng'ambo. Nikaweka karatasi tatu na kaboni mbili, nikaandika tarehe na majina. Wilondja na Daforoza wamesikilizana kama ifuatavyo. Nikapiga masharti yote. Kisha nikauliza, "Niandike namna gani, Mama? Kwa usuluhishi wa Mheshimiwa Balozi?"

"Apana. Andika balisikilizana bo benyewe."

"Lakini ni wewe uliyewaita. Ni nyumbani kwako."

"Kweli ni kwangu. Na ni bo benye balisema. Jina yangu iliandikwa ku makaratasi mingi ya kule, inatosha."

"Basi sisi tulifanya nini, Mama?"

"Sisi tulipika," akasema. Akainamia mashine kama anayeiona. "Ila chini ongeza ile ya mvua ya kwanza. Nani aliisema, nani aliipeleka, nani alienda kuirudisha. Na weka jina yako."

Nikaandika. Ilikuwa mistari minne. Ndiyo karatasi pekee ya kazi yake ninayoijua ambamo jina la Apolina halipo, na langu lipo, pembeni ya kosa langu, kwa nakala tatu. Akaniambia nimsomee yote toka juu. Nilisoma vizuri mpaka nikafika jina langu, sauti ikakatika. Hakunihurumia, na hakuniharakisha. Alinyoosha mkono akaupata ubavu wa kiti changu, akaushika.

"Soma tena, mutoto wangu," akasema. "Polepole. Niko nasikia."

Nikasoma tena.